Paa Lisilokubali Kuzeeka

Paa la nyumba ya Mikayi lilipigwa nikiwa darasa la nne, na mpaka leo ni la buluu ileile. Tangu siku hiyo babu amefariki na kuzikwa. Mbwa aliyembwekea fundi amekufa, na watoto wake wamekufa. Baba mkubwa, ambaye ndiye alikuwa fundi mwenyewe, amepoteza magoti yote mawili, au hivyo ndivyo anavyosema kila akiombwa kupanda mahali. Mimi nimeenda chuo kikuu na kurudi na tabia ya kuuliza maswali, tabia ambayo dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, anasema nilikuwa nayo tangu nilipoota meno, kwa hiyo ada ilikuwa hasara. Kila kitu katika boma letu kimesogea, isipokuwa lile paa. Ukishuka kutoka barabara ya Karungu unaliona kabla hujaliona ziwa, na wageni wengine huliona wakadhani ndilo ziwa.

Hatua chache kutoka hapo ndipo ilipo nyumba ya dani. Paa lake lilikuwa la kijani. Sasa lina rangi ambayo mimi, ninayelipwa mshahara kutazama rangi, sina jina lake. Baba mkubwa huiita rangi ya mbuzi mgonjwa.

Babu alioa wake wawili. Mikayi ndiye wa kwanza. Hicho ni cheo, lakini kwetu kimekuwa jina lake, na hata wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, wanaopita na beseni kichwani humwita hivyo. Dani ni wa pili. Bomani kwetu kila jambo huanzia kwa Mikayi: mbegu ya kwanza huingia kwenye shamba lake, mavuno ya kwanza hutoka kwake, na kila zamu ya kuezeka, paa jipya haliwezi kupanda juu ya nyumba ya mke wa pili kabla la mke wa kwanza halijapanda. Anayeruka mpangilio huo hupatwa na chira. Chira ni balaa ya kuvunja mwiko. Haina daktari, mtu hukonda tu, kisha watoto wake hukonda, kisha ng'ombe, na siku hizi nasikia inaharibu hata usaili wa kazi. Nilipokuwa na miaka minane niliuliza chira hujuaje nyumba ipi ni ya kwanza ikiwa imeingia bomani kwa mlango wa nyuma. Nilitumwa maji kisimani ingawa mitungi ilikuwa imejaa.

Mwaka ule wa mabati, mpangilio ulifuatwa vizuri. Baba mkubwa, mtoto wa kwanza wa Mikayi, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa jengo kubwa mjini Homa Bay. Kazi ilipokwisha, msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi kuchukua mabati yaliyobaki. Akayaleta nyumbani kwa lori la mchanga, akampigia mama yake paa kwa misumari ya kawaida kutoka sokoni, kwa sababu misumari haikubaki. Dani aliyatazama yakipanda, akasema mbele ya watu kwamba yeye hawezi kulala chini ya makombo ya mjini, tena ya rangi ya kituo cha polisi. Baba akamnunulia mabati mapya kabisa, ya kijani, yaking'aa mpaka kuku wakakataa kupita karibu. Kwa mwaka mmoja hivi, dani alikuwa mshindi.

Mwaka wa pili kijani kikaanza kuchoka. Mwaka wa tano ukipitisha mkono juu ya bati, kiganja kinarudi kama umeshika chaki. Rangi ikaisha, kutu ikaingia, na sasa mvua ikinyesha dani huweka sufuria saba. Anajua kila tundu. Anajua lipi linaanza kudondosha mara moja na lipi linasubiri mpaka umeshaanza kujisifu kwamba leo limesahau. Msimu uliopita gunia lake la njugu liliota ukungu, na mwezi wa kwanza mwaka huu alilazwa hospitalini Migori kwa kikohozi ambacho muuguzi alikipa sababu moja tu: nyumba yenye unyevu. Alisema msimu mwingine wa mvua chini ya paa lile asiupitishe. Baba akanunua mabati mengine, akayasimamisha nyuma ya jiko. Mvua ilikuwa karibu wiki tatu mbele.

Na yale mabati yakabaki yamesimama pale, kwa sababu ya Mikayi. Au kwa sababu ya paa la Mikayi, ambalo lilikuwa halijafanya kosa lolote.

Mara mbili baba mkubwa alimwomba mama yake akubali paa jipya ili mpangilio utimie. Mara zote mbili alijibiwa vilevile: "Mimi nina paa. Nivuliwe kofia nzima kwa sababu jirani ana upara?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia, bila kuitwa.

Nafanya kazi Rongo, kwenye kiwanda kidogo kinachokunja mabati. Chuma huja kikiwa kimeviringwa kama mkeka, kimeshapakwa rangi huko kilikotoka, na sisi tunakipitisha kwenye mashine kipate mawimbi. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba rangi ni ile tuliyoambiwa. Nilisomea kemia, na kemia ilinifundisha kutoamini kijitabu chochote chenye picha ya familia inayotabasamu mbele ya nyumba. Kila muuzaji wa rangi ana kijitabu hicho. Familia ni ileile, nyumba tu ndiyo hubadilika.

Siku moja nikiwa nyumbani nilikuwa nafunga banda la kuku, na mlango wake ni kipande kilichobaki cha yale mabati ya buluu. Nyuma yake palikuwa na herufi zilizopigwa chapa. Nilizijua. Ndizo zilizo nyuma ya mikeka yetu ya bei ya juu kabisa, ile ambayo mwenye kiwanda huiagiza tu mteja akishalipa, na ambayo hatujawahi kumuuzia mtu wa boma. Kuku wetu walikuwa wamefungiwa nyuma ya mlango wa hali ya juu kuliko wa mwajiri wangu.

Nikaenda kuwaeleza wazee wangu wawili, Mikayi na dani. Walikuwa wamekaa pamoja kwenye kivuli cha jiko wakibambua njugu, kwa maana hawa si maadui. Wameishi bomani pamoja miaka zaidi ya hamsini. Wanaazimana chumvi, wanaenda kanisani Jumamosi kwa mwavuli mmoja, na wanachokozana kama watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kila mmoja humwita mwenzake *nyieka*, yaani mke mwenzangu, na neno hilo kwao linaweza kuwa salamu, onyo au tusi, kutegemea limevutwa kiasi gani mwishoni.

Nikawaambia kwamba rangi ile si rangi ya kawaida. Ni plastiki mbili zilizochanganywa. Moja ina florini. Atomu za florini zimeshikana na kaboni kwa nguvu kiasi kwamba miale ya jua, ambayo huvunja karibu kila rangi, haina ubavu wa kuzitenganisha. Uchafu hauishiki, maji hayaiingii, hata tindikali nyingi huipita tu, ndiyo maana viwandani hutumika kwa mabomba na matangi ya kemikali kali. Lakini ina kasoro: kwa kuwa haishikwi na kitu, nayo haipendi kushika kitu. Ukiipaka peke yake juu ya chuma inabambuka.

"Namjua mtu wa namna hiyo," dani alisema, bila kuinua macho kwenye njugu.

Ya pili, nikaendelea, ni akriliki. Hii ina urafiki. Hushika chuma, hubeba rangi, huleta mng'ao. Tatizo lake ni kwamba ikiachwa peke yake, jua huifikia mapema zaidi. Basi huchanganywa, mara nyingi sehemu saba za ile ya florini kwa tatu za akriliki, zikaokwa pamoja kiwandani juu ya chuma. Na ajabu ni kwamba zinakubaliana kweli. Plastiki nyingi ukizichanganya hutengana kama mafuta na maji, lakini hizi mbili huyeyukiana mpaka huwezi tena kuonyesha ipi iko wapi. Mchanganyiko kama huo huwekwa juu ya mabango ya barabarani yasififie, na hata kwenye utando unaokinga nyuma ya sola.

"Kwa hiyo mmoja hashikiki, mwingine ananata kwa kila mtu," Mikayi alisema. "Na wanakaa juu ya bati moja."

"Ndiyo, Mikayi."

"Hilo bati ni nani? Babu yako?"

Nilisema labda.

"Basi bati lilioza kabla ya rangi," dani alisema, nao wakacheka mpaka njugu zikamwagika. Nilisubiri wamalize. Sijawahi kutoa mhadhara wenye wasikilizaji makini zaidi, wala ulioishia vibaya zaidi, kwa maana dani alipomaliza kufuta machozi aliuliza swali ambalo nilipaswa kuliona likija.

"Na hilo litazeeka lini?"

Nikasema kijitabu kinadai miongo kadhaa, ingawa mimi vijitabu siviamini.

"Miongo ya nani? Yangu au yake?"

Mikayi aliokota njugu moja, akaibambua polepole. "Nyieka," alisema, "mimi sina haraka."

Nilimfuata dani nyumbani kwake na kufanya kile ambacho elimu yangu ilinituma kufanya: nilibishana. Nikamwambia mabati yapo, fundi yupo, kikohozi kipo, na muuguzi ameshasema. Chira hakuna aliyewahi kuipima. Akaniuliza kama florini nimewahi kuiona kwa macho. Nikasema hapana, lakini ipo. Akaniuliza nani aliniambia. Nikasema mwalimu. Akasema basi na yeye aliambiwa na mwalimu wake, mama yake mzazi, ambaye hakuwahi kugoma hata muhula mmoja. Nikamkumbusha kwamba ni Msabato aliyebatizwa ziwani. Akasema ndiyo, na ziwani aliingia baada ya Mikayi.

Kisha akanivuta karibu, na hapo ndipo nilipojua alikuwa ameshafikiri kuliko mimi.

"Wewe kazi yako si kupima rangi?"

"Ndiyo."

"Basi lipime lile. Mbele ya watu. Useme limeoza."

"Na kama halijaoza?"

"Wewe ndiye una digrii. Nani atakubishia? Kuku?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, na dani aliuhesabu ukimya wangu kama ndiyo. Ni tabia ya familia. Jumapili iliyofuata nilikuja kutoka Rongo na vitambaa viwili vyeusi, nikatangaza kwamba nitapima mapaa yote mawili kwa njia inayotumika kazini. Ni njia rahisi kuliko watu wanavyotarajia. Jua likivunja rangi, rangi hugeuka unga. Unaosha vumbi kwa maji, unaacha pakauke, kisha unasugua kwa kitambaa cheusi. Ukiona unga, rangi inakufa. Usipouona, bado iko hai.

Baba mkubwa alileta ngazi. Aliposikia ni mimi ninayepanda akakunja uso. Kwetu mwanamke hapandi juu ya paa. Hilo nalo lina chira yake.

"Sipandi juu ya paa," nilisema. "Nasimama kwenye ngazi. Ngazi si paa."

Akamtazama mama yake. Mikayi alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao sebuleni, mlango wazi, mahali anapoonea boma zima. Alifikiri kidogo. "Ngazi si paa," alikubali. "Lakini asiweke hata goti."

Nilianza kwa dani. Niliosha, nikasugua mara moja tu, kitambaa kikarudi na unga mweupe wenye ukijani kidogo, kama nimefuta ubao wa darasa. Nilikiinua watu wakione. Dani alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu anayefanya vizuri kwenye mchezo wa kuigiza. Nikakikunja nikakitia mfukoni.

Kisha tukahamisha ngazi. Nilipanda mpaka ukingo wa paa ukafika kifuani. Niliosha. Nikasubiri jua likaushe, na muda ule wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko nilivyotaka, maana nilikuwa na kitambaa safi mkononi na kichafu mfukoni, na vyote ni vyeusi, na kutoka chini hakuna ambaye angejua nimetoa kipi. Dani alikuwa amesimama chini yangu kabisa, ameshika mguu wa ngazi. Alikohoa. Sijui kama kilikuwa kikohozi cha kweli au cha kunikumbusha.

Nikasugua. Nikatazama kitambaa. Hakuna kitu. Nikasugua tena kwa nguvu, mahali pengine, nikasugua pale jua la mchana linapopiga moja kwa moja, nikasugua mpaka bega likauma. Kitambaa kilikuwa cheusi kama kilivyotoka dukani. Ningependa kuandika kwamba nilipambana na dhamiri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimetumia miaka miwili nikivitilia shaka vile vijitabu, nikiwauliza wauzaji maswali mpaka wakaanza kunikwepa, na sasa mbele ya macho yangu palikuwa na paa lililokaa juani tangu nikiwa darasa la nne bila kutoa hata chembe. Nilifurahi. Kabla sijakumbuka niko upande wa nani, nilikuwa nimeshainua kitambaa na kupiga kelele:

"Safi! Safi kabisa!"

Ngazi ilitikisika. Dani alikuwa ameiachia. Nilimwona akitembea kwenda nyumbani kwake, mgongo umenyooka, akaingia na kufunga mlango, jambo ambalo halifanyi mchana mtu asipofariki.

Mikayi alitoka nje kwa mara ya kwanza siku ile. Alinyoosha mkono, nikampa kitambaa. Alikigeuza huku na huku. Akamwonyesha baba mkubwa. Akamwonyesha mchuuzi wa omena aliyekuwa akipita njia yake tu. "Mnaona? Makombo ya mjini," alisema. "Makombo."

Mimi nilibaki juu ya ngazi, nikitafuta sababu ya kutoshuka. Ndiyo maana nikaanza kuitazama misumari. Bati lilikuwa kama jipya, lakini vichwa vya misumari vilikuwa vyekundu kwa kutu, na mipira midogo iliyo chini yake ilikuwa imepasuka kama midomo wakati wa kiangazi. Bila shaka. Plastiki ile ililinda bati lililopakwa. Misumari ilitoka sokoni.

"Paa ni zima," nilisema kutoka juu. "Misumari ndiyo imezeeka."

Baba mkubwa aliinua kichwa haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. "Mama," alisema, "umesikia? Misumari."

"Nimesikia. Sijazeeka masikio."

"Tukibadilisha misumari, si itakuwa kwako kumeguswa kwanza?"

Mikayi alikunja kile kitambaa mara nne, akakiweka kifuani ndani ya leso. Mlango wa dani ukafunguka kidogo, upana wa pua.

"Msumari si paa," sauti ikatoka ndani. Huyo ndiye dani yangu. Nyumba inavuja, mapafu yanalia, na bado anasimamia sheria inayomwonea. "Msije mkaniletea chira ya ujanja."

"Nyieka," Mikayi alisema, akiuvuta mwisho wa neno kama ugwe, "nani Mikayi hapa?"

Ufa wa mlango wa dani ukapungua.

"Nikisema kwangu kumeguswa, kumeguswa. Kama ngazi si paa kwa sababu mimi nimesema, basi msumari ni paa kwa sababu mimi nimesema."

Nilitaka kuuliza kuhusu mantiki hiyo. Kwa mara moja maishani nilifunga mdomo.

"Lakini kwanza," Mikayi akaendelea, "atoke aseme lile paa ni zuri."

Mlango haukusogea. Baba mkubwa alianza kuchunguza kidole chake. Nilishuka ngazi nikaenda hadi mlangoni kwa dani, nikamwona ameketi kitandani katikati ya sufuria zake saba, zimepangwa mahali pake tayari ingawa mbingu ilikuwa kavu.

"Umeniuza," aliniambia.

"Kitambaa kilikuwa safi, dani. Ningefanyaje?"

"Ulikuwa na kingine mfukoni. Nilikiona kinakuchungulia."

"Ungetaka mjukuu mwongo?"

"Ningetaka mjukuu mkavu," alisema. "Na mimi mkavu." Alikohoa, na safari hii nilijua kilikuwa cha kweli, maana alikificha. Kisha akasimama, akafunga leso upya kana kwamba anakwenda kwa mkuu wa wilaya, akatoka hadi katikati ya uwanja. Mikayi alimsubiri mlangoni.

"Si baya," dani alisema.

"Sikusikia. Upepo wa ziwa."

Hakukuwa na upepo. Hata majani ya mgomba yalikuwa yametulia, yanasikiliza.

"Nimesema ni zuri! Lilikuwa zuri tangu siku ile! Lilikuwa zuri kuliko langu, na nilijua kabla msumari wa tatu haujapigwa! Umetosheka?"

Miaka yote hiyo nilikuwa nikiamini kwamba dani hakupenda buluu.

Mikayi hakucheka. Alimtazama, kisha akamgeukia mwanawe. "Panda," alisema. "Badilisha mmoja. Ule wa juu ya kiti changu."

"Yote imezeeka, mama. Nibadilishe yote."

"Mmoja nimesema. Paa ni langu, na jua limeshaanza kushuka. Utafanya kazi mpaka lini?"

Baba mkubwa akapanda, magoti yakiwa yamepona ghafla, akang'oa msumari mmoja wenye kutu, akauweka mpya kwenye tundu lilelile. Mikayi aliuokota ule wa zamani ulipoanguka, akampa dani mkononi. Dani akaupokea. Hakuna aliyeomba wala kuimba. Jumatatu mafundi wawili kutoka Sori walianza kuezua nyumba ya dani, na Jumatano jioni kazi ilikuwa imekwisha. Mabati aliyonunua baba ni ya hudhurungi. Ni ya rangi ya kawaida, hakuwa ameniuliza. Nilipimia kwa jicho: miaka mitano, sita, kitambaa kitaanza kurudi na unga. Nilimwambia dani. Alisema nimwache kwanza afurahi mpaka Ijumaa.

Mvua ilikuja wiki mbili baadaye, Jumamosi mchana, wazee wakiwa ndiyo kwanza wamerudi kanisani. Nilikuwa kwa dani. Ilipiga bati jipya kwa kelele mpaka hatukuweza kuongea, na dani aliketi mikono mapajani akitazama dari, tundu kwa tundu, kama mwalimu anayeita majina na kila mwanafunzi hayupo. Sakafu ilikuwa kavu. Baada ya muda nikagundua amenyamaza kwa namna ya mtu asiye na kazi.

Ndipo Mikayi akaingia, leso kichwani, amelowa mabega.

"Nyieka," alisema, "una sufuria?"

Dani alimtazama mguu hadi kichwa. "Ya kupikia?"

"Usinilazimishe."

Ikabidi nielewe polepole, kama kawaida ya waliosoma. Kati ya misumari yote iliyozeeka juu ya lile paa, uliovuja ulikuwa ule mpya. Msumari mpya kwenye tundu la zamani haukai, tundu limeshapanuka. Ungekuwa wangu ningetia skrubu nene zaidi. Nilisema hivyo. Nikasema pia kwamba wasijaribu kuziba kwa gundi, kwa sababu juu ya rangi ile gundi nyingi hazikubali kushika.

"Hakuna kinachonata juu yake," Mikayi alisema, na hata akiwa amelowa alisema kwa majivuno. "Linadondosha kitini kwangu. Katikati kabisa."

Nilimtazama dani nikisubiri neno chira. Nilikuwa na hoja tayari. Lakini dani alikuwa ameshainama chini ya kitanda, akitoa sufuria zake moja moja, akizitazama matako, akizirudisha, mpaka akapata ndogo yenye mpini mmoja.

"Hii," alisema. "Ile kubwa hupiga kelele. Na uiweke upande kidogo, si chini ya tundu. Tone huwa linatembea na mbao kabla ya kuanguka. Halafu utie kitambaa ndani, lisikusumbue usingizi."

"Kitambaa gani?"

"Chochote. Hicho ulichokiweka kifuani."

Mikayi alishika kifua chake. "Hiki hakilowi," alisema.

Basi nikatoa changu mfukoni. Kilikuwa bado kwenye koti lile lile, kimekunjwa, na unga wa paa la zamani la dani ndani yake. Mikayi alikipokea, akakikung'uta mlangoni mpaka unga wote ukachukuliwa na mvua, akakitia kwenye sufuria. Dani akachukua mwavuli, ule wao mmoja, wakatoka pamoja kwenda kuonyeshana mahali pa kuiweka.